Siku yangu jikoni, kambi ya wakimbiaji Kapchorwa, Uganda

Saa kumi na moja alfajiri nawasha sigiri. Baridi ya Mlima Elgon inauma vidole. Vijana wanakunywa chai ya sukari na kipande cha mkate, kisha wanaondoka. Hapo siwabani, maana mbio huendeshwa zaidi na wanga. Kazi kubwa ya protini ni kujenga upya misuli iliyoumia njiani.

Saa mbili wanarudi, na sitaki mtu aende kulala bila kula. Mayai mawili ni kama gramu 12 za protini, kikombe cha maziwa kama 8. Gramu 20 kwa mlo mmoja zinamtosha vizuri mkimbiaji wa kilo 55. Kijana mgeni kutoka Karamoja anasema, "Mama, mimi nitakula nyama nyingi usiku."

"Mwanangu, mwili hauweki akiba ya protini. Kula sasa, na usiku utakula tena."

Saa nne niko sokoni. Mukene mkavu, yaani dagaa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na bei yake haigusi ya nyama. Inaniuma kuona vijana wanajinyima ili wanunue makopo ya unga wa protini. Kopo likiwa limechanganyika na dawa iliyokatazwa, anayefungiwa ni mkimbiaji. Hapa kila mmoja anaota dhahabu ya Olimpiki kama ya Joshua Cheptegei wetu, mita 10,000, Paris 2024. Kwa nini aihatarishe wakati mayai yapo?

Saa saba, posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage. Wapo wanaokiita chakula cha maskini, nami nakitetea kila siku. Protini hujengwa kwa vipande vidogo, na lisini na methionini ni viwili kati yake. Mahindi yamepungukiwa lisini, maharage yanayo tele. Maharage yana methionini kidogo, mahindi yanaziba pengo. Juu yake namwaga mchuzi wa karanga wenye mukene wa kutwanga. Chai hawapati mpaka ipite saa nzima baada ya kula, kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wasichana ndio wanaoumia zaidi.

Mchana wanalala, saa kumi wanakimbia tena.

Saa moja jioni ni matoke na kuku. Binti mmoja anasukuma sahani, anataka awe mwepesi kabla ya mashindano. Nakaa karibu naye. Mtu wa kawaida anahitaji gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Yeye, kwa mazoezi haya, karibu mara mbili. Tena akila kidogo mno, mwili unaichoma protini hiyohiyo kama kuni, na misuli inakosa. "Dada, wepesi huo utakuvunja miguu." Anakula nusu, kisha anamaliza.

Saa tatu nawagawia maziwa ya kulalia. Protini yake nyingi humeng'enywa polepole, usiku kucha misuli inapata. Kisha kocha na mimi tunapitia hesabu. Namwomba hela ya soda za Jumamosi iende kwenye maziwa. Amekubali, kuanzia wiki ijayo.