Materia hukumbuka

Nilipokutana na materia kwa mara ya kwanza, niliichukulia kama betri. Ilikuwa katika kibanda cha michezo ya video huko Walukuba, hapa Jinja, Uganda, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani kwa sababu wazazi wetu walikuwa wametoka kila upande wa nchi na hata nje ya mipaka yake. Mwenye kibanda alikuwa na Final Fantasy VII, mchezo ambao kampuni ya Square iliutoa Japani mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation, ukiwa umegawanywa katika diski tatu, na kwa kuwa wenzangu walipendelea michezo ya mpira, siku za kazi nilipata nafasi ya kuucheza peke yangu, kamusi ikiwa mapajani.

Mikononi mwa mchezaji, materia ni gololi ya fuwele inayong'aa, ambayo huchomekwa katika tundu la silaha au la bangili, na anayeibeba hupata uwezo ambao hakuzaliwa nao. Za kijani hutoa uchawi, nyekundu huita viumbe wakubwa waje kusaidia vitani, za njano hufundisha mbinu, za zambarau huongeza sifa za mwili, na za buluu hazina kazi mpaka ziunganishwe na nyingine. Hapo kwenye buluu ndipo ustadi wa mchezo ulipo. Baadhi ya matundu yameunganishwa mawili mawili. Ukiweka Restore, yaani materia ya uponyaji, katika tundu moja, na All katika tundu la pili, tiba iliyokuwa ya mtu mmoja huwafikia wote watatu kikosini kwa mara moja. Siku nilipogundua hilo kikosi changu kilikuwa hoi, na nilipobonyeza kitufe nikaona namba za uhai wa watu watatu zikipanda pamoja, nilisimama kutoka kwenye benchi.

Materia pia hukua. Kila pambano huiongezea pointi mpaka ikomae, na ikishakomaa huzaa nyingine changa ya aina ileile. All iliyokomaa huuzwa kwa gil 1,400,000, gil ikiwa ni fedha ya mchezo huo, na wachezaji wengi hufanya biashara hiyo bila kufikiri mara mbili, kama nilivyofanya mimi. Tena materia hudai: nyingi za kijani humwongezea anayezibeba nguvu za uchawi huku zikimpunguzia nguvu za mkono na kiwango chake cha uhai. Betri haizai na haimli mwenyewe, na mambo haya mawili yalitosha kunionyesha kwamba nilikuwa nimeshika kitu cha namna nyingine.

Jibu lenyewe hutolewa na mchezo mlimani Nibel. Cloud, mhusika mkuu, anasimulia safari yake ya zamani na Sephiroth, ambaye baadaye huwa adui yake mkuu, na njiani wanafika mahali ambapo nguvu ya sayari, ile inayoitwa mako, imebubujika kutoka ardhini na kugandamana yenyewe kuwa materia ya asili, jambo lililo nadra sana. Sephiroth anaeleza kwamba ndani ya fuwele hiyo kumehifadhiwa maarifa ya Wahenga, watu walioishi kabla, na kwamba maarifa hayo ndiyo yanayomuunganisha anayeibeba na nguvu za ardhi. Baadaye, huko Cosmo Canyon, mzee Bugenhagen anakamilisha picha: viumbe wote wakifa, roho zao hurudi katika mkondo wa uhai unaozunguka ndani ya sayari, zikiwa na kila zilichokijua na kukiona, na mako ni mkondo huohuo. Kwa hiyo ninapomwagiza mtu wangu arushe moto, anaazima ujuzi wa waliokufa. Sijaona mchezo mwingine uliolipa jiwe lake la nguvu asili nzito kiasi hicho.

Shinra, kampuni inayotawala jiji la Midgar, huunyonya mkondo huo kwa vinu vinane vilivyolizunguka jiji, na kinachotoka huwasha taa za barabarani. Mwanzoni mwa mchezo tunatumwa kulipua kinu kimojawapo tukiwa na fuwele za mako silahani mwetu. Utata huo niliuona nilipoucheza upya nikiwa mtu mzima, na ninauheshimu kwa sababu mchezo hauufichi.

Pengine nauona zaidi kwa kuwa ninaishi Jinja. Bwawa la Nalubaale lilifunguliwa mwaka 1954 mahali palipokuwa na maporomoko, na mwaka 2012, lilipozinduliwa bwawa la Bujagali lenye uwezo wa megawati 250, maporomoko ya Bujagali nayo yalikuwa yameshafunikwa na maji. Kwa Wabasoga wengi pale palikuwa makao ya roho ya Bujagali, na matambiko yalifanywa kuihamisha kabla ya maji kupanda. Ninaandika haya kwa umeme, na umeme nauhitaji. Lakini Barret, mmoja wa kikosi cha Cloud, anapokumbuka jinsi alivyowashawishi watu wa Corel, mji wake wa makaa ya mawe, wakubali kinu cha mako, namwelewa bila kamusi.

Ndiyo maana sehemu ya Huge Materia hunigusa kuliko mapambano makubwa. Hizi ni fuwele nne zenye mako iliyoshindiliwa, na Shinra inataka kuzirusha kwa roketi ili kuvunja kimondo kinachoijia sayari. Nia hiyo ni ya kuokoa watu. Hata hivyo kikosi chetu kinapigana kuziokoa fuwele, kwa kuwa kilichomo ndani yake ni kumbukumbu, na zikilipuka hazitakuwapo tena.

Mbili zilizo muhimu kuliko zote hazichomekwi katika tundu lolote. Materia Nyeusi, inayoita kimondo hicho, ni hekalu zima la Wahenga lililojikunja mpaka likawa jiwe la kushikwa mkononi. Materia Nyeupe anayo Aerith, mmoja wa kikosi chetu na wa mwisho wa ukoo wa Wahenga. Huibeba ndani ya utepe wa nywele zake, na anapoitaja mara ya kwanza husema haina kazi yoyote. Kazi yake ni kusikia sala. Aerith anapopiga magoti kuomba na Sephiroth kushuka na upanga kutoka juu na kumuua, jiwe linatoka nyweleni, linadunda ngazi kwa ngazi, kila mdundo ukiwa na mlio wake, kisha linatumbukia majini.

Baada ya hapo nilifungua begi kupanga kikosi upya. Zile materia za kawaida nilizokuwa nimemchomekea Aerith zilikuwa zimerudi kwenye akiba yangu, Restore ikiwa miongoni mwake, na pointi zote alizoikusanyia katika mapambano yake bado zilikuwamo. Nilimpa Tifa, mwenzake kikosini, nikaiunganisha na All.