Makoti ya sufu kutoka Wakalat al-Balah, Kairo

Kwetu wakala ni kibanda cha kutolea pesa. Bulaq, Kairo, wakala ni ghala la kale: shehena na wanyama chini, wafanyabiashara wamelala juu. Bulaq ilikuwa bandari ya Kairo kwenye mto Nile, na Wakalat al-Balah ilipata jina kwa tende zilizokuwa zikishushwa pale. Tende zimekwisha. Leo ni mtaa mzima wa vitambaa, mapazia na mitumba, na mitumba wanaiita bala. Msomaji asishtuke, si balaa. Ni belo letu hilihili, limebadilika matamshi tu.

Nilikwenda Januari, na nilikwenda kwa ajili ya makoti. Fulana na jinzi sikuzitazama, kwa sababu masoko yetu ya mitumba, Karume ya Dar es Salaam na Gikomba ya Nairobi, yamezijaa. Viwanda vya kuchambua nguo hufunga mabelo kulingana na soko linakokwenda, na belo la Afrika Mashariki hubeba zaidi nguo nyepesi. Koti zito la sufu likitufikia, mara nyingi limeponyoka tu katikati ya majaketi ya nailoni. Kairo nako kuna baridi ya kweli: Januari usiku hushuka hadi nyuzi 9 hivi, nyumba nyingi hazina kipasha joto, na mtu huvaa koti hata sebuleni. Kwa hiyo makoti hufika kwa wingi. Anayeishi Njombe au Limuru, au anayejiandaa kwenda kusoma nchi za baridi, atafaidika kuliko anayetafuta gauni la harusi.

Nilipanda metro, njia ya 3, kutoka Abbasia, mtaa ambao wanafunzi wetu wa Azhar wanaufahamu. Vituo vinavyofuata ni Abdu Basha, al-Geish, Bab al-Shaariya, Ataba, kisha Nasser. Nilishuka Nasser nikafuata barabara ya 26 Julai kuelekea mtoni, chini ya daraja la juu, mwendo wa robo saa hivi. Alama ya kuulizia ni msikiti wa Sultan Abu al-Ela. Kituo kinachofuata, Maspero, kiko karibu pia, lakini njia ya Nasser inakuingiza sokoni taratibu na unaanza kuona bei kabla hujashika mfuko.

Hapa kuna mtego wa saa. Ukiambiwa duka linafungua "saa hidashar", hiyo ni saa yetu ya tano asubuhi, si ya kumi na moja. Asubuhi mapema usijisumbue, Kairo huamka taratibu. Saa tano hadi saa nane mchana ndipo pana nafasi ya kugeuza nguo kwa utulivu. Alhamisi jioni, na wiki mbili za kabla ya Idi, ni msukumano: utanunua kwa kukisia.

Nguo zimetundikwa kwenye vyuma virefu vya magurudumu, wanaviita stand, na kila stand ina bei moja iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi. Tarakimu ni za Kiarabu cha mashariki, na wageni wengi hukosea hapo. Alama ٥ inafanana na sifuri yetu lakini ni tano. Sifuri yenyewe ni nukta, ٠. Alama ٦ inafanana na saba iliyogeuzwa, nayo ni sita. Saba ni ٧, nane ni ٨. Kwa hiyo ٢٥٠ ni mia mbili na hamsini, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama yetu. Sitaandika bei za makoti hapa, kwa sababu Machi 2024 pauni ya Misri ilianguka kutoka takriban 31 hadi karibu 50 kwa dola, na tangu hapo bei ya mwaka jana haimsaidii mtu.

Kwa masikio, Mswahili ana mtaji mkubwa. Ishrin, talatin, arbain, khamsin, sittin, sabin, tamanin, tisin, miyya: hesabu ya makumi tunayo tayari. Hata mitein, mia mbili, wazee wetu waliita miteni. "Ghali" ni ghali, na rahisi wanasema "rikhis". Kinachochanganya ni kumi na kitu: khamastashar ni kumi na tano, na katika kelele mtu huisikia kama khamsin. Nilikuwa nikimwomba muuzaji aandike kwenye simu yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Kabla ya kushika koti, tambua limetoka tabaka gani, maana nguo za aina nne hutundikwa jirani. Ya kwanza ni bala yenyewe, iliyovaliwa Ulaya. Ya pili huitwa stok, nguo mpya zilizobaki madukani bila kuuzwa. Ya tatu ni bawaqi tasdir, masalia ya viwanda vya Misri vinavyoshona kwa ajili ya kuuza nje. Hizi utazijua kwa lebo iliyokatwa au kuchorwa mstari wa wino. Ya nne ni nakala, mpya, zenye nembo kubwa za majina makubwa. Bala nayo ina madaraja: ya juu kabisa huitwa krim, kile ambacho Gikomba wanakiita kamera. Ya chini kabisa ni fagia yetu, imerundikwa mezani na kijana amesimama juu yake anapiga kelele za bei. Rundo hilo nililipita. Sufu iliyosongamana kwenye rundo hushika mikunjo, na tundu za nondo hazionekani mpaka ufike nyumbani.

Lebo ya ndani ndiyo niliyoianzia kila mara. Sufu kwa Kijerumani ni Wolle, Kifaransa laine, Kiitaliano lana, Kiholanzi wol, Kiswidi ull. Asilimia 80 ya sufu na 20 ya poliamidi ni koti zuri la kuvaa kila siku. Poliamidi inaipa nguvu. Poliesta 65 na viskozi 35 inaonekana sawasawa kwenye kiango lakini haikingi baridi. Alama ya Woolmark, ile kama uzi uliosokotwa, ilianza 1964, kwa hiyo ikiwepo koti haliwezi kuwa la kale kuliko hapo. "Made in West Germany" ni la kabla ya Oktoba 1990. Lebo ya Czechoslovakia ni ya kabla ya 1993. Wauzaji wengi wa Bulaq hawatozi zaidi kwa umri. Wanatoza kwa jina na kwa unene, na hapo ndipo mpenzi wa nguo za kale anapopata nafuu: koti la Ujerumani Magharibi lisilo na jina maarufu hutundikwa stand moja na la mwaka juzi.

Saizi isikutie wazimu. Kwa makoti ya kiume ya Ulaya namba ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita: 50 ni kifua cha sentimita 100, na Waingereza huiita 40 kwa inchi. Kwa wanawake kila nchi ina yake. 44 ya Italia ni 40 ya Ufaransa na 38 ya Ujerumani, mwili uleule. Dawa ni futi ya fundi. Nililaza koti, nikafunga vifungo, nikapima kutoka kwapa hadi kwapa, nikazidisha mara mbili. Ili livalike juu ya sweta, jibu lizidi kifua chako kwa sentimita 12 hadi 15. Mshono wa bega ndio wa kuamua: mkono hupunguzwa na fundi yeyote, pindo pia, lakini bega la koti lenye bitana ukilifungua umeanzisha kazi kubwa kuliko bei ya koti. Stand nyingi hazina chumba cha kujaribia. Vaa nguo nyembamba ya kubana, ujaribu papo hapo barabarani.

Kisha ukaguzi. Kwanza niliingiza mkono mikononi mwa koti. Bitana ikichungulia nje ya mkono, au ikijaa na kukunjamana ndani kuliko kitambaa cha juu, koti limeshafuliwa kwa maji ya moto: sufu imesinyaa, bitana haikusinyaa. Halinyooki tena. Pili, kola inayolala kifuani. Makoti mengi ya viwandani yana gamu ndani, ile inayobandikwa kwa pasi. Gundi ikiachia, kitambaa hufanya malengelenge madogo. Muuzaji atasema ni pasi tu. Si kweli, malengelenge hurudi. Tatu, mabega ya miaka ya 1980: bonyeza. Sponji ya zamani huoza ikawa unga, utasikia inachakarika. Hiyo si sababu ya kuliacha, kubadilisha ni kazi ndogo, lakini ishushe kwenye bei. Nne, nondo. Washa tochi ya simu ndani ya koti, utazame kwa nje. Kila tundu litang'aa. Angalia chini ya kola, ndani ya mifuko na chini ya mikunjo, kwa sababu buu wa nondo hupenda giza na jasho. Ukiona vijifuko kama punje za mchele, liache hapo hapo, kwani litaambukiza mengine kwenye sanduku.

Ngozi inahitaji onyo lake. Ngozi halisi iliyokauka hupasuka mistari ila hubaki kipande kimoja, na mafuta huirejesha kiasi. Ngozi bandia ya poliuretani huoza kwa unyevu hata ikiwa imetundikwa tu, ikaanza kubanduka vipande kama rangi ya ukutani. Koti moja la aina hiyo nililiona likiwa zima kwenye stand, nikakunja kiwiko chake, likaacha unga mkononi. Soli za viatu vya aina hiyo nazo hufa vivyo hivyo. Kwa hiyo nilikunja kila kitu kabla ya kuuliza bei.

Bei ya stand haibishwi sana kwa nguo moja. Kilichofanya kazi ni kuchukua tatu kutoka stand moja, kuonyesha kasoro bila kejeli, kisha kuuliza "akhir kalam?", yaani neno la mwisho. Muuzaji mtu mzima mwite ya hagg, mama mtu mzima ya hagga. Heshima hiyo ilileta kiti na chai mara mbili. Beba noti ndogo. Ukitoa kubwa, chenji, wanaiita fakka, itatafutwa duka la tatu, na katika kungoja utashawishiwa kubaki na nguo ya ziada badala yake.

Tundu moja au mawili ya nondo kwenye koti zuri halikunizuia, kwa sababu Kairo bado ina raffa. Huyu ni fundi wa kutililia: huchomoa nyuzi za koti lenyewe kutoka ndani ya pindo, akazifuma juu ya tundu, uzi juu uzi chini, mpaka tundu lipotee. Kitambaa cha sufu yenye manyoya hufichika vizuri. Gabardini laini huacha kovu. Mwonyeshe tundu kabla ya kukabidhi koti, mkubaliane bei kwa kila tundu, na usikubali lishonwe kwa cherehani.

Kuhusu kusafisha, harufu kali ya dawa inayotoka kwenye belo haiondoki kwa manukato. Koti lining'inie kwenye upepo kivulini siku mbili tatu. Linaloshukiwa nondo nilifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikatoa hewa, nikaweka kwenye friza ya nyuzi -18. Siku 3 ndiyo kiwango cha chini, wiki mbili ni salama zaidi. Baada ya hapo makwagi, mpiga pasi wa mtaani, alilipitisha pasi juu ya kitambaa kibichi. Mwambie asigandamize, maana sufu iliyopigwa pasi kavu hung'aa kama suruali ya karani. Uhakika wa sufu nilithibitisha nyumbani kwa uzi mmoja wa mshono wa ndani: ukiuchoma hunuka nywele na kuwa majivu, poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Siku ya nne nilipanda basi kwenda Port Said, kama saa tatu hivi za barabara. Mji ule ulifanywa eneo huru la biashara miaka ya 1970, na bala ya Kairo mara nyingi imepitia huko. Mitaa ya kutembea ni Soko la Tugari na barabara ya Talatini, na ndiyo, maana yake ni thelathini. Bei ya kuanzia ilikuwa chini kidogo, ila mchanganyiko haukuchambuliwa sana: kazi yote ya ukaguzi ni yako. Kwa makoti mawili safari haijilipi. Kwa matano, inajilipa, kama utapita forodha bila mkwamo.

Maana kutoka mjini kuna kituo cha forodha, Raswa kwa upande wa Kairo, na abiria hushuka na mifuko. Wanachotafuta ni biashara. Makoti matano ya saizi tano, yamekunjwa na kufungwa kamba, yanaonekana biashara hata kama ni ya shangazi zako. Nililivaa moja, nikatia mengine mawili ya saizi yangu begini pamoja na nguo zilizokwisha kuvaliwa, lebo za bei zimetolewa. Koti refu la sufu lina uzito wa kilo 2 hivi. Mifuko ya kunyonya hewa hupunguza ujazo tu, kilo zinabaki zilezile kwenye mizani ya uwanja wa ndege, kwa hiyo zito kuliko yote lilisafiri mwilini tena, mifuko yake imejaa soksi.