Korongo huponywa kuanzia juu

Vikundi vingi vya kuhifadhi udongo hukosea siku ya kwanza kabisa. Watu hukusanyika pale korongo lilipobomoka vibaya zaidi, wanapanga mawe, kisha wanarudi nyumbani. Masika yakifika, maji huyazunguka mawe hayo ubavuni, yanakula ukingo uliokuwa mzima, na korongo linabaki pana kuliko lilivyokuwa. Huku Nyakach, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, hatuhitaji kuelezwa hatari yake: korongo la Katuk Odeyo lilimeza mashamba na njia za watu. Tena joto linazidi kuongezeka. Kila nyuzi 1 ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka, unashuka kwa kishindo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa jiwe, pandeni juu ya kichwa cha korongo, pale linapoanzia, mvua ikiwa inanyesha, muone maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni kwenye kalvati ya barabara au njia ya ng'ombe. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1. Barabara ya murram yenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 200 ni mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu yake, maji yanayoangukia hapo ni lita 30,000, na mengi huishia mdomoni mwa kalvati moja. Hakuna ukuta wa mawe ya kupangwa kwa mkono utakaovumilia hayo kila jioni. Yapelekeni kwenye bwawa la shamba, au kwenye uwanda wenye nyasi nzito.

Mtaro wa kuyakinga hupimwa kwa fremu ya A. Chukueni miti miwili ya mita 2, ifungeni juu, miguu iachane mita 2, kisha pigilieni mti wa kukingama katikati. Ning'inizeni kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisheni fremu, wekeni alama pale kamba inapogusa mti wa kukingama, kisha geuzeni miguu ibadilishane nafasi palepale na mweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Mkishapata usawa, pigilieni kipande cha ubao cha sentimita 1 chini ya mguu utakaotangulia kule maji yanakoelekea. Kila hatua ya fremu itashuka sentimita 1 kwa mita 2, yaani nusu mita kwa mita 100. Mteremko huo unatosha. Mkiuzidisha, mtaro wenyewe utageuka korongo.

Msichimbe bado. Okoteni bonge la udongo wa chini lenye ukubwa wa punje ya haragwe, lililokauka, mlitumbukize polepole katika glasi ya maji ya mvua. Msikoroge. Bonge likimomonyoka huku maji yakibaki maangavu, hakuna neno. Likianza kutoa wingu jeupe kama maziwa yakitiwa kwenye chai, udongo huo hauwezi kujishika: una sodiamu nyingi, na maji yatautoboa chini kwa chini hata mbele ya kizuizi kizuri. Hapo msiufunue udongo wa chini kwa jembe hata kidogo. Sogezeni mtaro juu zaidi, penye udongo unaoshikamana, na pale chini pabaki na nyasi tu. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai kwa jaribio hili, kwa sababu chumvi huzuia wingu kutokea na mtadanganyika.

Maji ya juu yakishaelekezwa, ndipo zamu ya mawe. Kizuizi cha mawe matupu kisizidi kimo cha mita 1. Nafasi kati ya vizuizi huamuliwa na mteremko: mdomo wa kizuizi cha chini, yaani pale maji yanapopitia juu yake, uwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Sakafu ya korongo ikishuka mita 5 kwa mita 100, kizuizi cha mita 1 hufuatwa na kingine baada ya mita 20. Chimbeni msingi wa nusu mita sakafuni na nusu mita ndani ya kila ukingo. Katikati pawe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo. Chini yake tandazeni mawe, la sivyo maji yanayoanguka yatachimba shimo na kizuizi kitapinduka. Ukingo usiochimbiwa na katikati isiyoshushwa ndiyo sababu ya vizuizi vingi kuondoka na maji. Mawe yawe ya pembe. Yale ya mviringo ya mtoni huteleza.

Gabioni, yaani masanduku ya waya yanayojazwa mawe, ni za kichwa cha korongo na sehemu pana. Sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 hula takriban tani 3 za mawe, kwa hiyo lori la tani 7 hujaza mawili. Mkiomba fedha za FLLoCA, mpango wa Kenya wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, kupitia kamati ya tabianchi ya wadi, waya ndio wa kuombewa. Mawe na nguvu za mikono viandikwe kama mchango wa kikundi.

Kazi ya mawe iishe Januari na Februari, nyasi ya vetiva ipandwe mvua zikishika. Kateni majani yabaki sentimita 20, miche miwili kwa shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo. Mita 10 zitakula mashimo 67 hadi 100. Mwanya mmoja uliosahaulika ndio maji yatakaoutumia. Ukingoni pandeni miti ya siala, na nje zungushieni ua wa mnyaa, ule tunaouita ojuok kwa Kijaluo. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, watoto wasitumwe kuukata.

Mbuzi wakiingia, yote haya ni bure. Kubalianeni barazani, mbele ya mzee wa kijiji, kwamba nyasi za humo zitakatwa na kupelekewa mifugo zizini.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, watu wawili wapite kila kizuizi wakiwa na sururu na toroli la mawe. Watazame ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, na chini ya mdomo. Tundu linalopitisha ngumi lizibwe siku hiyohiyo.