Mchoro wa Feynman: kagua mishale kabla ya kukokotoa

Mchoro wa Feynman huonyesha kwa mistari jinsi chembe zinavyogongana na kubadilika. Kila mstari wake ni kipande cha hesabu, kwa hiyo mchoro ukikosewa hakuna aljebra itakayouokoa. Mfano mzuri wa kujifunzia ni mtawanyiko wa Bhabha, ambao Homi Bhabha aliukokotoa mwaka 1936: elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya) zinagongana, na zinatoka tena elektroni na positroni.

Muda uende kushoto kwenda kulia. Anza na mistari minne ya nje. Mshale wa elektroni unafuata muda, wa positroni unaelekea kinyume. Kisha weka vifundo, yaani nukta ambapo mistari hukutana. Kila kifundo kina mistari miwili yenye mishale na mstari mmoja wa fotoni (chembe ya nuru), na lazima mshale mmoja uingie, mwingine utoke. Ukiona yote miwili inaingia, chaji imepotea. Futa uanze upya. Mistari inayokatizana tu kwenye karatasi si kifundo, kwa hiyo weka nukta nzito pale palipo na kifundo cha kweli.

Katika ngazi ya chini kabisa, yenye vifundo viwili tu, michoro ya fotoni ni miwili. Wa kwanza, chembe zinaangamizana kuwa fotoni, nayo inazaa jozi mpya. Wa pili, zinapishana huku zikibadilishana fotoni. Hapa ndipo makosa hujaa: jumlisha kwanza amplitudi (namba inayotolewa na kila mchoro; mraba wa jumla yake hutoa uwezekano wa tukio), ukizingatia alama ya kutoa iliyo kati yake, ndipo utafute mraba. Ukianza na mraba wa kila mchoro, unatupa sehemu inayotokana na michoro yote miwili kwa pamoja. Zikitoka muoni (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi) na antimuoni, mchoro wa kupishana haupo.

Mstari wa fotoni huleta 1/q², ambapo q ni nishati na momenta inayobebwa na fotoni. Pembe ya kutawanyika ikiwa ndogo, q² ya mchoro wa kupishana hukaribia sifuri, na matukio huwa mengi sana. Ndiyo maana majaribio ya LEP, mashine ya kugonganisha elektroni na positroni pale CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva (1989–2000), yalihesabu matukio hayo ili kupima kiasi cha migongano.

Vitanzi, yaani mistari inayojifunga kuwa duara ndani ya mchoro, ni kazi nyingine. Kila kitanzi cha ziada huuzidisha mchango kwa takriban 1/137, yaani huufanya uwe mdogo zaidi, lakini michoro huongezeka: kwa usumaku wa ziada wa elektroni (ule unaozidi kidogo wa hesabu isiyo na vitanzi) ni 1, 7, 72, 891, kisha 12,672, kwa kitanzi kimoja hadi vitano. Kitanzi kilichofungwa cha elektroni hudai kuzidisha kwa −1, alama inayosahaulika kirahisi. Hata ile michoro 7 ilisumbua: jibu lililochapishwa mwaka 1950 lilikuwa na kosa, na wanafizikia Petermann na Sommerfield walilisahihisha mwaka 1957.