Kalenda ya ukutani kwanza, maabara baadaye

Mwanamke akisema "siku hizi nakasirika bure na usingizi umenitoka", hakosi wa kumwambia akapime homoni. Anaingia maabara, Kondele au katikati ya mji wa Kisumu, anatolewa damu, analipia vipimo vinne kwa mpigo na kupewa karatasi ambayo kila tarakimu iko sawa. Anarudi nyumbani na mfuko mtupu, tena akiamini kwamba kama karatasi haioni kitu, basi ni tabia yake mbaya. Imani hiyo inaumiza kuliko pesa zilizokwenda.

Damu iliyochukuliwa Jumanne asubuhi inaeleza Jumanne asubuhi. Estrojeni na projesteroni hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na kwa wanawake wanaosumbuka kabla ya hedhi viwango vyenyewe kwa kawaida huwa sawa na vya jirani asiyesumbuka. Kinachotofautiana ni jinsi ubongo unavyoyapokea mabadiliko hayo. Projesteroni ikivunjwavunjwa mwilini hutoa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo hugusa sehemu za ubongo zinazotuliza wasiwasi. Wengi huwatuliza kweli. Wachache, kupanda na kushuka kwake huwaletea hasira, machozi na moyo wa kutaka kukimbia nyumba. Hilo halionekani kwenye chupa ya damu. Linaonekana kwenye tarehe.

Kwa hiyo anza na kitu ambacho karibu kila nyumba inacho: kalenda ya ukutani, ile ya kanisa au ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku damu inapoanza kutoka hasa, si matone ya jana yake, andika H. Hiyo ndiyo siku ya 1. Kisha kila usiku kabla ya kulala andika tarakimu nne, moja ya huzuni, moja ya hasira, moja ya wasiwasi na moja ya usingizi. Sifuri ni hakuna. Moja, nimehisi lakini kazi imeenda. Mbili, kuna jambo nimeshindwa kulifanya. Tatu, siku yote imeharibika. Kama chumba ni kimoja na hutaki macho ya watu, tumia daftari la shule au simu. Pembeni weka alama ya siku uliyochomwa sindano ya kupanga uzazi, siku uliyoanza dawa yoyote mpya, na siku uliyokunywa pombe.

Andika usiku ule ule. Anayengoja Jumapili ajaze wiki nzima huandika anavyojisikia Jumapili, na hapo ndipo kalenda nyingi huharibika. Endelea mpaka upate mizunguko miwili kamili. Mmoja hautoshi, kwa sababu mwezi mmoja unaweza kuwa na msiba, malaria au karo ya shule.

Ukifika kwenye kusoma, hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si lazima siku ya 14 tangu iliyopita. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida kwa mtu mzima, na mwenye wa siku 35 hutoa yai karibu na siku ya 21. Ndiyo maana kipimo cha projesteroni cha "siku ya 21" humdanganya. Chake kinafaa siku ya 28, yaani wiki moja kabla ya hedhi.

Tafuta wiki safi. Kama tarakimu zinapanda katika wiki moja au mbili kabla ya H, zinaanza kushuka siku chache baada ya damu kuanza, na wiki inayofuata ina sifuri na moja, hayo ni mambo ya kabla ya hedhi. Zikiwa ni 3 mizunguko yote miwili, kazi ikakwama au ugomvi wa nyumbani ukafika pabaya, na dalili, ukihesabu hata zile usizoziandikia tarakimu, zikafika tano au zaidi pamoja na moja ya moyo wenyewe (huzuni, hasira, wasiwasi au kubadilika ghafla), basi hiyo ni hali nzito inayotambulika kitabibu na ina dawa. Kama hakuna wiki safi kabisa, usiilaumu hedhi. Hiyo huenda ni sonona au wasiwasi wa kudumu unaozidi hedhi inapokaribia, na matibabu yake ni ya mwezi mzima. Na tarakimu zinazopanda kila mume anaporudi usiku, au kila kodi inapodaiwa, hazitoki kwenye ovari. Mseme huyo mume mbele ya mhudumu wa afya unayemwamini, hasa kama kuna kipigo.

Hali nzito ya kabla ya hedhi hutibiwa mara nyingi kwa dawa za sonona za kundi la fluoxetine, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku. Wengine humeza mwezi mzima, wengine kuanzia yai linapotoka hadi damu inapoanza, na kwa tatizo hili nafuu inaweza kuja ndani ya siku chache, tofauti na sonona ambako husubiriwa wiki kadhaa. Isinunuliwe kwa kemisti kwa kubahatisha. Kabla ya kuiandika, daktari au afisa wa kliniki anapaswa kukuuliza kama umewahi kupitia siku ambazo hulali, huchoki, unaongea bila kupumua na kutumia pesa ovyo. Kwa mwenye historia hiyo, dawa hii peke yake inaweza kumrusha akili. Asipouliza, mwambie wewe. Vidonge vya uzazi vyenye homoni mbili huwasaidia wengine, lakini pima presha kwanza, na usivitumie kama unapata kipandauso kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni, au kama una zaidi ya miaka 35 na unavuta sigara.

Kwa dalili nyepesi, kalsiamu ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, ukijumlisha na ya chakula, imewapunguzia wanawake wengi usumbufu. Hapa Nyanza hatuna sababu ya kulia: omena huliwa na mifupa yake, na mifupa ndiyo kalsiamu. Ongeza maziwa lala na mboga za kienyeji. Unga wa "kusawazisha homoni" usio na orodha ya vilivyomo, uache ulipo, maana hata daktari hawezi kujua unagongana na dawa gani.

Vipimo vina mahali pake, na vinavyostahili pesa ni vichache. Hedhi ikikosekana, pima mimba kabla ya kitu kingine chochote. Ukichoka, ukapumua kwa shida ukipanda ngazi na kukosa hamu ya chochote, pima wingi wa damu (Hb): chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, au chini ya 11 kwa mjamzito, ni upungufu. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi na sikoseli, na upungufu wa damu hufanana sana na sonona. Vidonge vya chuma meza kwa maji au na chungwa, chai ya rangi au ya maziwa ikae mbali kwa saa moja au mbili, kwa sababu chai hushika chuma tumboni kisiingie. Kipimo cha tatu ni TSH, cha tezi ya shingo.

TSH ina umuhimu wa pekee kwa aliyejifungua. Wanawake kadhaa hupata uvimbe wa tezi hiyo usio na maumivu ndani ya mwaka wa kwanza: kati ya mwezi wa 1 na wa 4 moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na uzito unashuka, kisha kati ya mwezi wa 4 na wa 8 mambo yanageuka, baridi, uzito, usingizi na huzuni. Ukiletewa mama wa mtoto wa miezi sita anayeambiwa amekuwa mvivu, kumbuka tarehe hizo.

Uzazi wenyewe una kalenda yake. Kondo la nyuma likitoka, estrojeni na projesteroni huporomoka ndani ya siku chache. Machozi ya siku ya tatu ni ya kawaida, huwapata wengi, na huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Yanayovuka wiki 2 yanataka kuulizwa kwa utaratibu. Kuna maswali 10 ya Edinburgh ya kutambua sonona ya baada ya kujifungua, yaliyochapishwa mwaka 1987, yanayouliza kuhusu siku 7 zilizopita na kutoa alama 0 hadi 30. Alama 13 au zaidi humaanisha mama anahitaji kuonwa. Swali la 10 linahusu kujidhuru, na hilo halingoji jumla: jibu lolote tofauti na "kamwe" linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni 4.

Nafasi ya kuuliza ipo tayari. Mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Anawekwa kwenye mzani, anachomwa, kijitabu kinajazwa, na mama anaambiwa arudi tarehe fulani. Dada, usisubiri kuulizwa. Sema, "Na mimi pia siko sawa." Kwa waliobaki nyumbani, awe mume, mama mkwe au shemeji, msaada mkubwa kuliko uji ni kumwachia mama saa nne au tano za usingizi usiokatwa ila kwa kunyonyesha, mtu mwingine akimbeba mtoto na kumleta anyonye tu. Akihitaji dawa, sertraline, ya kundi lile lile la fluoxetine, hutumika na anayenyonyesha, kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Kuachisha mtoto ziwa kwa sababu ya dawa hiyo ni kosa linaloongeza huzuni.

Kuna jambo moja lisilongoja kalenda. Katika wiki 2 za kwanza, mama mmoja au wawili kati ya 1,000 hupata kichaa cha uzazi. Halali hata mtoto akilala, anaongea haraka, anashuku watu, anasikia sauti au anasema mtoto huyu si wake, amebadilishwa. Ni dharura kama kutokwa na damu. Mtu akae naye, mtoto asiachwe naye peke yake, na apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu: Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ile tunayoiita Russia, au ya rufaa ya kaunti Kakamega au Nakuru. Maombi yafanyike njiani. Wakifika, apimwe joto, presha, sukari na malaria, kwa sababu malaria ya kichwa, maambukizi ya kizazi na kifafa cha uzazi vinaweza kuvaa sura hiyo hiyo. Aliyewahi kupatwa na hali hii apange na daktari mapema kabla ya kujifungua tena.

Kuhusu kupanga uzazi, tafiti kuhusu hisia na homoni hizo hazikubaliani, lakini mwanamke anayeona amebadilika asipuuzwe. Cha kuzingatia ni namna ya kurudi nyuma. Sindano ya miezi mitatu ikishaingia haitoki, na rutuba baada ya sindano ya mwisho inaweza kuchelewa miezi 9 au 10. Vijiti vya mkononi hutolewa siku yoyote. Koili ya shaba haina homoni kabisa na hukaa miaka 10 au zaidi, ingawa inaweza kuzidisha damu na maumivu, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu afikirie mara mbili. Anayetumia efavirenz, dawa ya VVU, ajue kwamba inapunguza nguvu ya vijiti, na yenyewe inaweza kuleta ndoto mbaya na huzuni.

Kwa walio na miaka 40 na kitu, kosa la huku kwetu ni malaria. Mama anaamka usiku amelowa jasho, anameza dawa ya malaria bila kupima, wiki ijayo tena. Joto la ghafla la kukaribia kukoma hedhi hudumu dakika chache na kipimajoto hakifiki 37.5. Nunua kipimajoto, pima jasho linapoanza. Homa ikiwepo, nenda ukapimwe malaria. Isipokuwepo na hedhi zimeanza kuruka, umepata jibu bila kulipia kipimo cha FSH, homoni ambayo umri huo hupanda leo na kushuka wiki ijayo.

Mawazo ya kujiua yakija, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au nenda hospitali usiku huo huo. Familia nyingi zimeficha majaribio kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Siku ya kwenda kliniki, beba kalenda yenyewe na useme sentensi moja kabla ya kuulizwa lolote: "Inaanza siku 9 kabla ya hedhi, inaisha siku ya pili ya damu, miezi miwili mfululizo, na katika siku hizo siwezi kufanya hiki na hiki."