Ruta sita ndani ya laptopu moja, Uyole

Shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Mbeya iliniita niunganishe majengo mawili kwa njia mbili za redio: moja ikifa, nyingine ishike. Ruta zenyewe ni MikroTik. Kwenda kujifunzia kwenye mtandao wa mteja ni kujitafutia aibu, kwa hiyo nikaamua kujenga maabara kwenye laptopu yangu ya GB 8, kwa GNS3, programu ya kuigiza mtandao ndani ya kompyuta.

Nilianza vibaya. Rafiki alinipa kwenye flashi imeji (faili la kuwashia ruta ndani ya kompyuta) ya CSR1000v ya Cisco. Achilia mbali kwamba imeji za Cisco zinalipiwa. Hiyo moja tu inadai GB 4 za RAM. Niliwasha mbili, laptopu ikaganda, feni ikaunguruma kama mashine ya kusaga. Kwa baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa saba, angalau nilipasha mikono.

Nikahamia CHR, yaani RouterOS, mfumo uleule unaoendesha ruta za MikroTik, uliotengenezwa uwake ndani ya kompyuta. Kuipakua ni bure, haimalizi bando, na kila moja niliipa MB 256. Zote sita hazikufika GB 2.

Kilichoninyima usingizi ni kasi. Napima kati ya ruta mbili, napata 1 Mbps. Nikafuta kanuni za firewall (ulinzi wa mtandao), nikaondoa foleni za kugawa kasi, nikabadilisha toleo. Mbps ileile moja. Siku mbili nzima! Kumbe leseni ya bure ya CHR inabana kila intafesi (mlango wa ruta wa mtandao) isitume zaidi ya 1 Mbps. Usanidi wangu haukuwa na kosa lolote. Tangu hapo maabara naitumia kupima njia, kasi napima kwenye vifaa vyenyewe.

Na kwenye njia ndiko jasho langu lilikolipwa. Nilisimamisha waya mmoja ndani ya GNS3 huku ping (ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu) ikiendelea, nikingoja njia ya pili ishike. Kimya. Majibu yalirudi baada ya kama sekunde 40. Ruta zilikuwa bado zinaona intafesi iko hai, kwa hiyo OSPF, utaratibu ambao ruta huutumia kuambiana njia, ikasubiri muda wake wa kawaida: hello, yaani salamu ya “niko hai”, kila sekunde 10, na jirani huhesabiwa amekufa baada ya 40. Nikashtuka, maana hata shuleni redio zikipotezana hewani, kebo kati ya redio na ruta hubaki inawaka taa kama kawaida. Nikashusha hello kuwa sekunde 1 na ule muda wa kufa kuwa 4, pande zote mbili. Namba hizo zisipolingana, ruta hazikubaliani ujirani kabisa.

Siku ya kazi mwalimu wa TEHAMA alisimama pembeni.

“Haya fundi, zima moja tuone.”

Nikazima upande wa hewani wa redio, kebo nikaiacha. Ping nne zikapotea, ya tano ikajibu.

“Mbona haijakatika?”

“Imeshakatika, mwalimu.”