Mwili Uliopewa Cheti, Kisha Ukafundishwa Kutojiamini

Kila mwaka daktari wa anga hunipima na kunipa upya cheti cha afya cha daraja la kwanza, na nisipokuwa nacho, leseni yangu ya urubani pamoja na saa zote nilizokwisha kuruka hazina kazi. Hupima masikio, shinikizo la damu, mkojo na umeme wa moyo. Macho nayo hayana budi kufikia uwezo wa kuona wa 6/9 kila moja na 6/6, yaani uwezo wa kawaida wa jicho zima, yote mawili kwa pamoja, ingawa miwani inaruhusiwa. Kwa sisi tunaorusha ndege zenye marubani wawili, kanuni za kimataifa zinakipa cheti hicho miezi 12, ambayo hupungua na kuwa 6 rubani akishatimiza miaka 60, na akifika 65 safari za kimataifa za abiria huwa zimemfunga mlango. Sifichi kwamba siku ya daktari hunitisha kuliko mtihani wowote wa kuruka, kwani mtihani nikishindwa nitaurudia, lakini mapigo ya moyo siwezi kuyafanyia mazoezi usiku kucha.

Ajabu ni kwamba mwili huohuo uliothibitishwa kuwa mzima hupelekwa kwenye simuleta ili ufundishwe kutojiamini. Simuleta ni chumba cha marubani kilichosimamishwa juu ya miguu sita, nacho hakiendi popote. Hata hivyo, ndege inapoanza kuondoka, mgongo wako unakandamizwa kwenye kiti kama vile unakimbia kweli. Hiyo ni hila tu. Chumba huinamishwa nyuma polepole huku picha ya dirishani ikiendelea kuonyesha ardhi tambarare, na sikio la ndani, ambalo haliwezi kutofautisha kuinama na kuongezeka kwa mwendo, linakubali kudanganywa.

Udanganyifu huo angani hugeuka kuwa hatari, kwa sababu ndege inapoongeza kasi katika giza au ndani ya wingu, sikio humwambia rubani kwamba pua imeinuka kupita kiasi, naye akilisikiliza ataishusha kuelekea ardhini. Mimi nililisikiliza. Nilikuwa nimeahirisha kutua, injini zote mbili zikiwa na nguvu kamili, nikasukuma usukani mbele kwa yakini kabisa, mpaka mkufunzi aliposimamisha zoezi na kunionyesha kwa kidole kipimo cha kimo kilichokuwa kikishuka. Upeo bandia, kipimo kinachoonyesha kama pua ya ndege imeinuka au imeinama, ulikuwa mbele ya macho yangu muda wote, ukisema kweli.

Simuleta yenyewe, hata hivyo, ina upungufu mmoja: anayeingia humo anajua kuwa kuna jambo litaharibika. Baada ya marubani Sullenberger na Skiles kutua katika mto Hudson, New York, mwaka 2009, injini zao zote mbili zikiwa zimepoteza nguvu kwa kugonga bata bukini, wachunguzi waliwaweka marubani katika simuleta, na baadhi yao waliogeuza ndege papo hapo waliweza kufika uwanjani. Lakini ilipoongezwa sekunde 35 za kutambua kilichotokea na kuamua, jaribio halikufaulu. Mshangao ndio uliokuwa umesahauliwa katika hesabu.

Mkufunzi wangu wa sasa analijua hilo. Hitilafu zilizopangwa akizimaliza, hutupongeza, huacha ndege ielee kwa utulivu, na tunapoanza kulegeza mikanda, hutuzimia injini.